Mbwa Asiyelala Ndani ya Chipu

Tarehe 7 Mei 1994, chombo cha Marekani kiitwacho Clementine kilikuwa kimemaliza kupiga picha za Mwezi na kinajiandaa kwenda kwenye asteroidi Geographos. Programu yake ikaganda. Injini ndogo za kukielekeza zikawaka dakika 11 mfululizo, mafuta yakaisha, nacho kikabaki kinazunguka kama pia, mara 80 kwa dakika. Safari ya Geographos ikafutwa.

Kinachouma ni kwamba kompyuta yake ilikuwa na mlinzi wa balaa kama hilo, ila hakupewa zamu.

Mlinzi huyo, ambaye wahandisi humwita mbwa, ni saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma, tuseme kutoka sekunde mbili. Programu hutakiwa kumlisha, yaani kuirudisha saa mwanzo kabla haijafika sifuri. Ikichelewa, kompyuta nzima huwashwa upya. Huko angani nani angebonyeza kitufe?

Ugumu uko kwenye nyuzi. Programu ya kifaa hugawanywa nyuzi kadhaa: mmoja unasoma joto, mwingine unaendesha mota, wa tatu unatuma data. Fundi mvivu huuachia uzi mmoja kazi ya kumlisha mbwa. Uzi wa mota ukikwama, mlishaji hana habari. Anatupa mifupa, mbwa anatikisa mkia, mambo yanaharibika. Dawa ni daftari la mahudhurio: kila uzi uweke alama yake, na mbwa alishwe pale tu alama zote zinapotimia. Kisha zifutwe, hesabu ianze upya.

Chombo kingine, Mars Pathfinder, kilichotua Mirihi 4 Julai 1997, kilikuwa na ukaguzi wa aina hiyo. Siku chache baadaye uzi wa kugawa data ukakutwa haujamaliza kazi, kompyuta ikajiwasha upya, na si mara moja. Uzi wa hali ya hewa, wa cheo cha chini, ulikuwa umeshika kufuli, yaani ruhusa ya kutumia kitu cha pamoja, iliyosubiriwa na uzi huo wa kugawa data, wa cheo cha juu. Nyuzi za cheo cha kati zikaukatiza ule wa hali ya hewa kabla haujaiachia. Mbwa alibweka tu. Mwizi ilibidi atafutwe na watu. Wahandisi wa maabara ya JPL, California, walilirudia kosa hilo kwenye kompyuta pacha, wakatuma badiliko dogo kwa redio: mshika kufuli aazimwe cheo cha anayeisubiri.

Chombo hicho, kilichotarajiwa kudumu mwezi mmoja, kilituma data hadi 27 Septemba.