Grit Laskin: Mtunzi wa nyimbo aliyeona kosa si la mkono, ni la gitaa

Mpiga gitaa akilalamika kuwa mkono unamfa ganzi, wengi humwambia avumilie, atazoea. Toronto, Kanada, kuna fundi aliyelitazama jambo hilo kwa jicho jingine: huenda mkono hauna kosa, gitaa ndilo lililoundwa vibaya.

Fundi huyo ni William Laskin, anayejulikana zaidi kwa jina la Grit. Anatunga na kuimba nyimbo za folki, yaani muziki wa kusimulia maisha ya watu wa kawaida kwa ala chache na sauti. Kazi yake nyingine ni kuunda kwa mkono magitaa yasiyotumia umeme.

Kazi hizo mbili zinakutana wapi? Jibu liko kwenye namna gitaa linavyofanya kazi, na namna linavyoharibika.

Ufundi wa kupokezana

Laskin alianza kujifunza mwaka 1971, akiwa kijana, katika karakana ya Jean Larrivée mjini Toronto. Larrivée mwenyewe alikuwa amefundishwa na Edgar Mönch, fundi kutoka Ujerumani.

Karakana hiyo ilitoa mafundi wengi wenye majina. Mmoja wao ni Linda Manzer, ambaye mwaka 1984 alimuundia mpiga jazi Pat Metheny gitaa lenye nyuzi 42.

Ufundi wa namna hii haumalizwi kwa kusoma kitabu. Mwanafunzi anakaa na mwalimu, anagonga ubao kwa kidole na kusikiliza unavyolia, anaukuna kidogo, anagonga tena.

Kwa nini gitaa la mbao huharibika?

Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa, kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Ni kama mtu mzima ananing'inia kwenye gitaa mchana na usiku.

Uso wa gitaa unaobeba mzigo huo ni ubao mwembamba, unene wake ni kama milimita tatu tu. Kwa ndani umeshikiliwa na vijiti vya mbao vilivyogundishwa.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Fundi akiweka vijiti vinene, gitaa litadumu lakini sauti itakuwa imefungwa. Akivifanya vyembamba mno, litalia vizuri kisha uso utabonyea. Gitaa zuri linakaa katikati, karibu kabisa na kuvunjika.

Hali ya hewa nayo haina huruma. Palipo na unyevu mwingi, kama pwani, mbao hunyonya maji na kuvimba. Uso unainuka, nyuzi zinakaa juu, na vidole vinaumia. Palipo pakavu mbao hujikunja na kupasuka.

Ukiliacha gitaa ndani ya gari juani, gundi hulainika. Daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi usoni, huanza kubanduka.

Kwa hiyo fundi makini hukarabati kwa kuanza na maswali: linapigwa wapi, linahifadhiwaje, sauti ilibadilika lini? Kuibana tu sehemu iliyopasuka bila kujua kilichoipasua ni kazi bure. Itapasuka tena.

Kona iliyokatwa

Anayepiga gitaa jukwaani anayajua mengine ambayo seremala wa kawaida hayaoni. Gitaa ni sanduku lenye kona kali. Mkono wa kulia ukilalia kona hiyo kwa saa nzima, inabana nyama na mishipa.

Katika miaka ya 1990 Laskin aliikata kona hiyo kwa mteremko, mahali hasa mkono unapopumzika. Kusema ni rahisi, kutenda si mchezo. Ubavu wa gitaa una unene wa kama milimita mbili, ukikata kona ovyo unatoboa sanduku. Ni lazima kwanza kuongeza mbao kwa ndani, kisha kukata bila kuiua sauti.

Leo mteremko huo unaonekana kwenye magitaa ya mafundi na viwanda vingi duniani, na wapo wanaouita kwa jina lake.

Hadithi kwenye shingo ya gitaa

Jambo jingine lililompa Laskin jina ni nakshi. Kwenye shingo ya gitaa anapachika vipande vya maganda ya chaza, mawe, metali na mifupa, kisha anachonga juu yake mistari myembamba kama ya kalamu.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaifahamu sanaa ya karibu na hiyo: viti vya enzi vya Lamu vilipambwa kwa vipande vya pembe vilivyopachikwa kwenye mbao. Tofauti ni kwamba Laskin huchora watu na matukio. Mwenye gitaa anaeleza maisha yake, naye fundi anayageuza picha. Ni kazi ileile ya mtunzi wa nyimbo: kusikiliza kisa kirefu na kukibana mahali padogo.

Hakuacha kuimba

Wengi wangechagua kazi moja. Laskin aliendelea kuimba na kundi la Friends of Fiddler's Green la Toronto, na alipiga ala kwenye rekodi za Stan Rogers, mmoja wa watunzi wakubwa wa folki wa Kanada. Mwaka 1996 alishirikiana na wenzake kuanzisha kampuni ya kurekodi, Borealis Records. Mwaka 2012 aliteuliwa kupewa nishani ya Order of Canada.

Mpingo nao umo

Mbao za ubavuni na mgongoni mwa magitaa ya bei hutoka sehemu nyingi. Mojawapo inayothaminiwa sana na mafundi ni mpingo, unaoota Tanzania na Msumbiji.

Tangu Januari 2017, biashara ya kimataifa ya mpingo na jamii yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ingawa ala zilizokwisha kuundwa ziliondolewa kwenye vibali hivyo mwishoni mwa 2019. Mti huu hukua taratibu mno, hivyo gitaa linalokarabatiwa badala ya kutupwa linapunguza haja ya kukata mbao mpya msituni.

Mambo ya kuangalia kwenye gitaa lako

- Nyuzi zimekaa juu sana? Usilazimishe vidole, lipeleke kwa fundi.
- Uso umevimba nyuma ya daraja, au daraja linaachia? Legeza nyuzi leo leo.
- Usilihifadhi ndani ya gari, wala karibu na jiko au dirisha lenye jua.
- Ukitafuta fundi, mpe gitaa alipige kidogo. Anayepiga atasikia tatizo kabla hajaliona.