Mpangilio wa Msimbo: Kwa Nini Waandishi wa Programu Hubishania Urefu wa Mstari?

Utangulizi

Mtahiniwa, huenda umezoea kuuona msimbo wa programu kuwa ni amri za kompyuta tu. Lakini programu kubwa huandikwa na watu wengi, na mstari mmoja husomwa mara nyingi baada ya kuandikwa mara moja. Ndiyo maana waandishi wa programu hubishana, tena kwa ukali, kuhusu sura ya msimbo. Mstari uwe na alama ngapi? Mistari ya ndani isogezwe kwa kitufe cha Tab au kwa nafasi? Mada hii inaeleza chanzo cha ubishi huo, hoja za kila upande na namna unavyotatuliwa.

Namba 80 ilitoka wapi?

Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi ya karatasi ngumu yenye safu wima 80. Taarifa zilihifadhiwa kwa kutoboa matundu kwenye kadi hiyo. Baadaye kadi hizo zilitumika kuandikia programu, kila mstari kadi yake. Kadi zilipotoweka, namba ilibaki: skrini nyingi za kompyuta, kama VT100 ya mwaka 1978, zilionyesha alama 80 kwa mstari. Leo skrini ni pana zaidi, lakini kikomo hicho bado kinatajwa.

Hoja za kila upande

(a) *Mstari mfupi.* Mwongozo wa lugha ya Python uitwao PEP 8, wa mwaka 2001, unaweka kikomo cha alama 79. Watetezi wake husema mstari mfupi humwezesha msomaji kufungua mafaili mawili ubavu kwa ubavu na kuyalinganisha.

(b) *Mstari mrefu.* Wengine husema kukata mstari kwa lazima huvunja wazo katikati, na humshawishi mwandishi kufupisha majina ya vigeu hadi yasieleweke. Mwaka 2020, baada ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kupinga ukataji wa mistari usio na sababu, chombo cha kukagua msimbo wa Linux kilibadilishwa: onyo lililokuwa likitolewa mstari ukizidi alama 80 sasa hutolewa ukizidi 100.

(c) *Tab au nafasi.* Wapenzi wa Tab husema kila msomaji, hata mwenye uoni hafifu, anaweza kuchagua upana unaomfaa. Wapenzi wa nafasi husema msimbo wao huonekana vilevile kwenye kila kompyuta.

Mpangilio unapogusa maana

Usidhani ubishi huu ni wa urembo tu. Tazama msimbo huu wa Python:

    alama = 20
    if alama >= 50:
        print("Umefaulu")
        print("Hongera")

Mwanafunzi mwenye alama 20 haoni kitu. Sasa usogeze mstari wa mwisho kushoto, ulingane na neno *if*. Mwanafunzi huyohuyo atapewa hongera! Hakuna neno lililobadilika. Nafasi pekee ndizo zilizoondolewa.

Katika lugha ya C mambo ni kinyume. Kompyuta haijali mstari umesogezwa kiasi gani, ila macho ya binadamu hujali. Februari 2014 kampuni ya Apple ilisahihisha kosa katika programu yake ya kulinda mawasiliano ya intaneti. Mstari wenye amri ya kuruka ulikuwa umejirudia chini ya sharti. Mstari wa pili ulisogezwa ndani sawa na wa kwanza, ukaonekana kama uko chini ya sharti, kumbe uko nje yake na hutekelezwa kila mara. Hatua ya kuhakiki saini ikarukwa, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kujifanya tovuti halali.

Ubishi hutatuliwaje?

1. *Kwa makubaliano.* PEP 8 yenyewe inaruhusu kundi linaloafikiana kufika alama 99.
2. *Kwa chombo cha kupanga msimbo.* Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, ina chombo kiitwacho gofmt kinachopanga msimbo wa kila mtu kwa namna moja. Kwa Python kipo Black, ambacho kwa kawaida hutumia kikomo cha alama 88.

Utaona kwamba namba hizi zinatofautiana: 79, 88, 99, 100. Lililo muhimu ni kundi zima kufuata kanuni moja, ili macho ya msomaji yatafute makosa badala ya kuhangaika na mpangilio.

Zingatia

Kwenye karatasi ya mtihani huna chombo cha kukupangia. Sogeza mistari ya ndani kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, maana msahihishaji ataisoma programu yako kama ulivyoipanga. Swali likisema "jadili", toa hoja za pande zote kabla ya kutoa msimamo wako.

Maswali ya kujipima

1. Eleza uhusiano kati ya kadi za IBM na kikomo cha alama 80.
2. Toa hoja moja ya kutetea mstari mfupi na moja ya kutetea mstari mrefu.
3. Kwa kutumia mfano wa Python, onyesha jinsi kusogeza mstari kunavyobadili matokeo.
4. "Kanuni yoyote inayofuatwa na wote ni bora kuliko kanuni nzuri inayofuatwa na wachache." Jadili.