Bunduki ya Msasi na Dhamana Yake

Msasi anapofyatua risasi katika mbuga za Soitsambu, tarafani Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, hatendi jambo la siri baina yake na mnyama. Ng'ambo ya kichaka kuna mchungaji na ng'ombe wake. Bondeni kuna wanawake waliokwenda kuteka maji, na njiani kuna watoto watokao shule. Nyati aliyejeruhiwa na kuachwa hai ni hatari kwa hao wote, nao hawakushiriki katika safari ile wala katika faida yake. Kwa hiyo swali la bunduki gani itumike, na risasi ya namna gani itiwe ndani yake, si porojo za matajiri wanaopenda kulinganisha silaha zao. Ni swali la usalama wa raia, la huruma kwa kiumbe, na la utii wa sheria.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina haki yake shambani, kwa maana udongo haukimbii wala haurudi kumshambulia mlimaji. Porini mambo ni mengine. Huko asiyechagua chombo chake kwa uangalifu huwaachia wengine wamalizie kazi yake, na pengine kwa gharama ya uhai wao.

Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu. Wakazi wa Mafia wanaishi na viboko karibu ya mashamba yao, na kiboko mwenye jeraha si jirani mwema. Wasasi wa Unguja wanamfahamu paa, na wanajua jinsi paa nunga alivyokuwa adimu hata ikawa lazima alindwe. Palipo na mnyama na mtu mwenye bunduki, sharti ni lile lile: kuua upesi, kuua aliyeruhusiwa, na kutomdhuru asiyehusika.

KIPIMO CHA MTUTU

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, nao kwa desturi ya Waingereza na Wamarekani hupimwa kwa sehemu za inchi. Kanuni za uwindaji za Tanzania kwa muda mrefu zimewagawa wanyama katika madaraja. Kwa tembo na nyati, mtutu usipungue .375, yaani milimita tisa na nusu hivi. Kwa kundi la kati, ambamo wamo simba, chui na pofu, usipungue .300. Kwa swala na wanyama wengine wa mbugani, usipungue .240.

Mpango huo una hekima. Swala tomi ana uzito wa kilo ishirini na kitu. Nyati dume hufika kilo mia saba na zaidi, ana mifupa minene na ngozi ngumu, na akijeruhiwa hujificha kichakani akamngoja anayemfuata. Haiwezekani wawili hao wapigwe kwa silaha moja bila ya mmoja wao kudhulumiwa. Lakini kiwango cha chini ni sakafu tu. Si shauri jema kwa kila hali. Pofu dume anaweza kufika kilo mia tisa, akamzidi nyati. Amewekwa daraja la chini kwa kuwa ni mpole, wala si kwa kuwa ni mdogo. Msasi mwenye busara atamwendea kwa .375 ingawa kanuni inamruhusu kwenda na ndogo zaidi.

Tena upana wa tundu hausemi yote. Chukua mfano wa bunduki mbili ambazo zote huitwa .375. Ya kwanza ni .375 Holland & Holland Magnum, iliyotolewa mwaka 1912 na kutumika sana Afrika Mashariki. Risasi yake ya gramu 19 na nusu hivi hutoka mtutuni kwa mwendo wa meta 770 hivi kwa sekunde, na nguvu zake ni jouli zipatazo 5,700. Ya pili ni .375 Winchester, iliyotolewa Marekani mwaka 1978. Risasi yake ni nyepesi, mwendo wake ni mdogo, na nguvu zake ni kama nusu tu ya ile ya kwanza. Mtu akipima upana peke yake, zote mbili zinafaa kwa nyati. Mtu akipima nguvu, ya pili haifai hata kidogo.

Wenzetu wa mbali wamekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 juu ya wanyama wenye pembe za matawi, jamii ambayo haipo kabisa katika nchi zetu, inataka kaliba isiyopungua .240, na pamoja na hiyo nguvu isiyopungua jouli 2,300 hivi. Amri ya Scotland ya mwaka 1985 ilikwenda mbali zaidi: haikutazama upana, bali ilipima uzito wa risasi, mwendo wake na nguvu zake. Hatusemi tuige kila la ng'ambo. Tunasema kwamba anayetunga kanuni ya kulinda uhai hana budi kupima kile kinachoua.

RISASI YENYEWE

Watu wengi hujadili bunduki wakasahau risasi, nayo ndiyo imfikiayo mnyama. Ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya ncha laini: kichwa chake ni risasi tupu iliyoachwa wazi, na kikiingia mwilini hupasuka na kutanuka kama uyoga. Hii ndiyo ifaayo kwa swala, kongoni, pundamilia, chui na simba, kwa sababu humaliza nguvu zake ndani ya mwili wala haitoki upande wa pili ikampata mwingine. Ya pili ni ya gamba gumu, iliyofunikwa yote kwa madini magumu ili isitanuke. Hii hupenya mfupa na msuli mnene, na kwa tembo hakuna badala yake.

Kwa nyati, wawindaji bingwa wengi hutia ya ncha laini iliyo imara kwa mlio wa kwanza, na za gamba gumu kwa zile zinazofuata. Sababu yake iko wazi. Nyati hutembea kwa makundi, na risasi ngumu ikipenya dume itampata jike aliye nyuma yake. Hapo wamepigwa wawili kwa leseni ya mmoja. Lakini akishageuka kukimbia, au akija mbio, kinachotakiwa ni kupenya hadi moyoni kutoka pembe yoyote.

Siku hizi ziko pia risasi za shaba tupu zisizo na madini ya risasi. Zinastahili kufikiriwa, kwa maana tai hula mizoga na matumbo yaachwayo porini, na vipande vya madini hayo huwaua kwa sumu. Mbuga isiyo na tai ni mbuga inayonuka.

MKONO NA JICHO

Wapo watakaotaja habari za W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, akaua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya .275. Habari hiyo ni ya kweli, lakini funzo lake hupinduliwa. Bell alichunguza kwa bidii mahali ubongo wa tembo ulipo, na alikuwa mlenga shabaha wa ajabu. Anayejifananisha naye na aanze kwa kujifunza alichojifunza Bell, ndipo azungumze juu ya kaliba.

Bunduki nzito nayo ina madhara yake mikononi mwa asiyeizoea. Teke lake humtisha, naye hufumba macho anapofyatua, na risasi kubwa iliyopiga tumbo ni mbaya kuliko ndogo iliyopiga bega. Jambo jingine ni umbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na darubini juu ya bunduki haifupishi njia ya risasi. Msasi anayenyata hadi hatua themanini ana heshima kuliko anayejaribu bahati yake kwa hatua mia tatu. Na kabla hajafyatua, aangalie kilicho nyuma ya mnyama. Risasi ya bunduki hizi ikikosa shabaha huweza kwenda zaidi ya kilometa tatu, na Loliondo ni nchi ya mifugo na watu.

RAI YETU

Juni 2022 Serikali ilitenga kilometa za mraba 1,500 za Loliondo, na Oktoba mwaka huo huo eneo hilo likatangazwa kuwa Pori la Akiba Pololeti. Mgogoro wa ardhi uliotangulia na kufuatia hatua hiyo ni mkubwa, nao hauwezi kuamuliwa katika makala juu ya mitutu na risasi. Lakini ukweli mmoja hauna ubishi: mnyama aliyejeruhiwa hajui alama za mpaka. Atavuka kutoka porini hadi malishoni, na atakayekutana naye ni Mmasai mwenye fimbo na mkuki. Kwa mila ya watu hawa nyama ya porini si chakula chao cha kawaida, isipokuwa pofu na nyati ambao huwahesabu kama jamaa wa ng'ombe. Si haki walipe kwa damu yao makosa ya msasi mgeni.

Kwa hiyo tunatoa rai nne kwa wahusika. Kwanza, kanuni zipime uzito na nguvu za risasi pamoja na upana wa mtutu. Pili, kila mwenye leseni, awe mgeni au mwenyeji, apige risasi tatu kwenye shabaha iliyo umbali wa meta mia mbele ya afisa wanyamapori kabla ya kuingia kitaluni, na anayeshindwa arudi kujizoeza. Tatu, afisa akague sanduku la risasi kama anavyokagua namba ya bunduki. Nne, mnyama mkali akijeruhiwa na kupotea, viongozi wa vijiji vya karibu wapewe habari siku ile ile, kabla ya mifugo kutoka zizini alfajiri.

Askari wetu wa wanyamapori nao wasisahauliwe. Wao ndio huitwa kummaliza mnyama aliyeharibiwa na mwingine, iwe Soitsambu au Mafia. Hewa ya chumvi na unyevu huoza maganda ya risasi na kudhoofisha baruti, na risasi isiyolia mbele ya kiboko ni hukumu ya kifo kwa askari. Ghala kavu na risasi mpya si anasa. Ni haki ya mtu tunayemtuma mbele yetu.

Uwindaji ukiruhusiwa, na ufanywe na wenye ujuzi, kwa chombo kinachostahili, chini ya jicho la sheria. Asiyeweza kuua kwa risasi moja, na aiache bunduki yake begani.