Kasi ya mwanga haingoji injini kubwa zaidi

Swali ni lile lile, liulizwe darasani, redioni au kwenye meza ya harusi: "Mwalimu, nikisafiri kwa kasi ya mwanga, muda wangu utasimama?" Nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba leo nalijibu kwa maandishi, tumalizane. Hutasafiri kwa kasi ya mwanga. Wewe, chombo chako, hata chembe moja ya vumbi kwenye kiatu chako, havitafika huko kamwe.

Najua jibu linalofuata: "Teknolojia itakua." Hapo ndipo penye ugonjwa. Watu wengi wanaamini kwamba kasi ya mwanga ni kituo kilicho mbali tu, na siku tukiunda injini yenye nguvu ya kutosha tutakifikia na kukipita. Ushahidi wao ni ndege. Wanasema wataalamu waliwahi kudai hakuna ndege itakayopita kasi ya sauti, kisha Oktoba 1947 rubani Chuck Yeager akaipita akiwa ndani ya ndege ya Bell X-1.

Hoja hiyo haina miguu. Risasi za bunduki zilikuwa zikiipita kasi ya sauti kabla Yeager hajazaliwa. Maumbile hayakuwa yamekataza chochote; kilichosumbua ni kama bawa na usukani vingehimili misukosuko ya hewa. Lilikuwa suala la karakana, na karakana ikalitatua. Kwa mwanga, risasi ya mfano haipo. Hakuna chembe yoyote yenye tungamo iliyowahi kunaswa, maabara wala angani, ikifikia kasi hiyo ya kilomita 299,792 kwa sekunde. Mwaka 2011 watafiti wa jaribio la OPERA nchini Italia walitangaza kwamba chembe zao ziitwazo neutrino zimeutangulia mwanga kwa sehemu 60 za bilioni ya sekunde. Dunia ikasimama kusikiliza. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba waya wa kupitisha mwanga ulikuwa haujakazwa vizuri kwenye mtambo wao.

Anayedhani tumeshindwa kwa sababu hatujasukuma vya kutosha, atazame tulivyosukuma. Mwaka 1964 William Bertozzi wa MIT, Marekani, alizirusha elektroni kwa nishati iliyoongezwa hatua kwa hatua, akazipima muda wa safari. Kwa hesabu za Newton, zile zilizopewa nishati kubwa zaidi zilipaswa kuzidi kasi ya mwanga zaidi ya mara saba. Hazikuizidi hata kidogo. Nishati haikupotea njiani: alipima pia joto zililoliacha elektroni zilipogonga mwisho wa safari, na joto lilikuwepo lote.

Tuje karibu zaidi. Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni huzungushwa kwenye duara la kilomita 27 chini ya ardhi. Mwaka 2010 kila protoni ilipewa nishati ya elektroni-volti trilioni 3.5. Mwaka 2022 ikafika trilioni 6.8, karibu mara mbili. Je, kasi iliongezeka kiasi gani? Mita 8 hivi kwa sekunde. Mwanariadha wa mita 100 hukimbia kwa kasi kuliko hiyo. Protoni ilikuwa nyuma ya mwanga kwa mita 11 hivi kwa sekunde, sasa iko nyuma kwa mita 3 hivi, na hizo mita 3 hazitaisha hata ukiipa umeme wote wa dunia.

Hiyo ni protoni. Mtu wa kilo 70, bila chombo, bila nguo, akitakiwa kufikishwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, anahitaji nishati inayotumiwa na dunia nzima kwa takriban wiki tatu. Ukitaka asilimia 99.9, gharama inazidi mara tatu. Ukitaka 100, hesabu inadai nishati isiyo na mwisho. Isiyo na mwisho maana yake haipo.

Chanzo chake ni hiki, na ningependa msomaji akishike hata akisahau mengine yote: mwanga hausogelewi. Ukienda kwa asilimia 99 ya kasi yake kisha ukawasha tochi, hutauona mwanga ukikutangulia kwa asilimia 1. Kwa vipimo vyako utaondoka kwa kasi ile ile kamili, kana kwamba hujaondoka nyumbani. Jambo hili limepimwa. Mwaka huo huo wa 1964, huko CERN, Torsten Alväger na wenzake walitumia chembe ziitwazo pioni zilizokuwa zikienda kwa asilimia 99.975 ya kasi ya mwanga, chembe ambazo zikivunjika hutoa mwanga. Mwanga uliotoka mbele haukubeba nyongeza yoyote ya kasi ya pioni.

Swali la muda kusimama linafia hapo hapo. Ili muda wako usimame ingekubidi uende sambamba na mwanga na kuuona umetulia kando yako, na hakuna anayeweza kuuona umetulia.

Nanyi mnaotaka safari hiyo kama dawa ya uzee, acheni. Chini ya kasi ya mwanga, ndiyo, saa ya msafiri huenda taratibu kuliko zetu. Mwanaanga Sergei Krikalev aliyekaa angani siku 803 alirudi akiwa amezeeka pungufu kwa sehemu mbili za mia za sekunde. Lakini hakuna sekunde aliyoongezewa kuishi. Moyo wake ulidunda vilevile na njaa ilimuuma vilevile. Kunjua kiganja chako: kila dakika muoni mia moja hivi hukipenya, chembe zilizozaliwa kilomita 15 hivi juu yetu. Kwa saa yake, muoni huishi kiasi cha kusafiri mita 660 tu. Inatufikia kwa sababu kwetu inaishi zaidi, ilhali kwake ni njia iliyofupika. Umri wake wenyewe haukuongezeka.

Yanayowezekana ni haya. Nyota ya jirani, Proxima Centauri, iko miaka ya mwanga 4.2 kutoka hapa. Kwa kasi ya Parker, chombo chetu chenye kasi kuliko vyote, ni zaidi ya miaka 6,000. Tanga jepesi la gramu chache likisukumwa kwa leza, kama mpango uliotangazwa mwaka 2016, lingechukua miaka 20 na kitu, bila mtu. Chombo kinachoongeza kasi kwa nguvu sawa na mvutano wa dunia, kisha kupunguza kuanzia nusu ya njia, kingefika kwa miaka mitatu na nusu ya abiria, karibu sita yetu. Fueli yake haipo. Karibu na kasi ya mwanga nyota zingejikusanya mbele, nyuma giza, na haidrojeni ya angani ingekupiga kama mionzi ya kuua.

Vijana wenye akili nzuri hunitumia michoro ya injini za kuushinda mwanga. Naisoma yote, na inaniuma. Chukueni akili hiyo muitie kwenye matanga, kwenye leza na kwenye kinga ya mionzi. Huko kuna kazi inayowangoja, na anayeifanya leo anaweza kuiona ikizaa akiwa hai.