Gari la zamani likigoma kuwaka mpakani: betri au alteneta?

Gari likigoma kuwaka kwenye foleni ya Tunduma au Namanga, madereva wengi hukimbilia kununua betri mpya. Siku ya pili gari linagoma tena, na nyanya zinaozea njiani. Pima kwanza.

Safisha vichwa vya betri, kaza nyaya, kisha tumia kipimo cha volti. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma takriban 12.6. Injini ikiwaka, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kikibaki chini ya 13, alteneta haichaji. Huenda mkanda wake umelegea. Kwa lori la volti 24, zidisha mara mbili.

Betri ikiwa nzima lakini unasikia "tak" tu, mwambie fundi akague stata.

Usichomoe betri injini ikiunguruma: unaweza kuunguza alteneta.