Tabibu wa Dege la Watoto

Sisi wa pwani twalijua dege. Mtoto akipandwa na homa, akakakamaa na macho kupinduka, wazee walisema ndege mbaya kapita juu ya nyumba. Akaandikiwa kombe kwa zafarani, akavikwa hirizi. Siwacheki, nami nimelelewa humo.

Mwaka 1989 alifika Kilifi tabibu Charles Newton, ambaye maisha yake yakawa ni ubongo wa watoto. Mwaka 1991, yeye na wenziwe walieleza kuwa malaria ikipanda kichwani, presha ndani ya fuvu huzidi. Lakini kubwa zaidi, naona mimi, ni kuwa hawakutosheka na mtoto kutoka wodini yu hai. Waliwafuatia walionusurika. Wako waliobaki na kifafa, wako waliopungukiwa na maneno, wako walioshindwa na masomo. Na jirani, Mungu atusamehe, humwita mtoto huyo mjinga au mwenye shetani.

Mama, ukimuona hivyo, mrudishe hospitali. Uchunguzi wa Kilifi uliotolewa 2012 ulikuta zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawatumii dawa, ilhali finobabitoni, dawa rahisi, ipo tangu 1912.