Kiduha na Wakaguzi wa Mashamba

Wasikilizaji wetu, wengi wenu mnakijua kiduha, lile gugu lenye maua mazuri litokealo katikati ya mahindi na mtama. Sifa yake ni maua tu. Chini ya ardhi mizizi yake hushika mizizi ya mahindi na kuinyonya, na mkulima huona mahindi yake yamenyauka kana kwamba yamekosa mvua, wala hajui sababu. Kwa maana kiduha huanza kudhuru kabla hakijachomoza.

Mwaka 1956 kiduha chenye maua mekundu kilitambuliwa kwa mara ya kwanza huko Marekani, katika mashamba ya North Carolina na South Carolina. Serikali iliogopa kisije kikafika katika majimbo ya kati, yenye mahindi mengi mno. Basi mwaka 1957 iliweka amri kwamba udongo, majani makavu na vyombo vya kulimia visitoke katika shamba lenye kiduha ila kwa ruhusa. Wakaguzi wakatumwa kupita shamba kwa shamba, wakiandika kila mahali walipokiona. Mwishowe hesabu ilizidi ekari 400,000.

Taabu yote hiyo ni kwa ajili ya mbegu. Mche mmoja waweza kuzaa mbegu makumi elfu, nazo ni laini kama ugoro. Huchukuliwa na jembe, kwato na gurudumu bila mtu kuziona. Tena zaweza kulala udongoni miaka 10 na zaidi, zikingoja mizizi ya mahindi iwe karibu, ndipo huota. Kwa hiyo shamba lililo safi mwaka huu huenda halijapona, na mkaguzi hana budi kurudi.

Sisi twadhani kazi iliyo ngumu zaidi ilikuwa juu ya mkulima mwenyewe. Shamba likiisha kuandikwa, hakuweza kutoa majani yake wala kumwazima jirani trekta kama apendavyo. Ni rahisi mtu wa namna hiyo kung'oa miche michache jioni na kunyamaza. Na mbegu zilizokwisha kuanguka zikabaki pale pale, pasipo alama katika ramani.

Tangu miaka ya 1970 walitia ardhini gesi iitwayo ethilini, ile ile iivishayo ndizi. Mbegu hudanganyika, huota pasipo mahindi ya kunyonya, hufa. Eneo lenye gugu likapungua kwa zaidi ya sehemu 99 katika kila 100, na mashamba machache yaliyosalia wakaguzi wakaendelea kuyapita kwa miguu, mstari kwa mstari.